Mike Piazza: mbebwa aliyejikaza mpaka akawa kecha (uzi mrefu, tulieni)

Mbezi_Alfajiri

Wakuu habari za muda huu.

Humu jukwaani kila wiki tunagombana kuhusu wachezaji wa kubebwa, mara huyu kapata namba kwa sababu ya mjomba, mara yule baba yake anajuana na kocha. Leo nawaletea jamaa aliyebebwa mchana kweupe na hakuna aliyeficha, na bado ndiye kecha mwenye homrani (pigo la kuutoa mpira nje ya uwanja) nyingi kuliko kecha yeyote aliyewahi kucheza ligi kuu ya Marekani, 396 akiwa kwenye nafasi hiyo. Anaitwa Mike Piazza. Miaka yake ya New York mnaikuta kila mahali, mimi nataka tukae kwenye ile ya mwanzo, 1988 mpaka 1993, maana watu wakiisimulia huwa wanaishia kwenye kubebwa tu na kuruka kazi yote iliyofuata.

Kwa wasioijua besiboli nieleze haraka. Kecha ndiye yule anayechuchumaa nyuma ya mpigaji akiwa na kinyago cha chuma usoni, ngao kifuani na vikinga magotini. Mrushaji yuko mita 18 na kitu mbele yake, anatupa mpira unaokuja hata kilomita 150 kwa saa na zaidi, mpigaji akikosa basi kecha audake, na mipira inayotupwa ni 130 mpaka 150 kwa mechi moja, kwenye msimu wa mechi 162. Kama golikipa, yeye ndiye anayeuona uwanja mzima mbele yake. Lakini kazi yake ni nzito zaidi maana ndiye anayependekeza kila mpira utupwe vipi na utupwe wapi, enzi hizo kwa ishara za vidole alivyovificha katikati ya mapaja. Besi ni vituo vinne ambavyo mchezaji anavizunguka ili apate pointi, na mtu wa timu pinzani akichomoka kuiba besi ya pili, yaani kuikimbilia kabla mpira haujapigwa, kecha anatakiwa anyanyuke, achomoe mpira kwenye glavu na autupe karibu mita 39, vyote hivyo ndani ya sekunde mbili hivi. Sasa muwazie kijana ambaye hajawahi kuishika nafasi hiyo, anaambiwa akiwa mtu mzima tayari kwamba kuanzia leo ndiyo kazi yako.

Piazza kazaliwa Septemba 4, 1968 Norristown, Pennsylvania, siyo mbali na Philadelphia. Mshua wake Vince alikuwa mtoto wa wahamiaji wa Kiitaliano, akapiga biashara ya magari yaliyotumika na baadaye majumba, akatoboa haswa. Rafiki yake Vince wa tangu utotoni, wa mji huo huo wa Norristown, alikuwa Tommy Lasorda, na huyo Lasorda kuanzia 1976 ndiye alikuwa meneja wa Los Angeles Dodgers. Urafiki ulikuwa wa kifamilia kabisa, Lasorda ni baba wa ubatizo wa mdogo wake Mike (wengi wanaandika ni wa Mike mwenyewe, siyo kweli). Dodgers wakija kucheza Philadelphia, dogo Mike anaingia uwanjani anawaokotea fimbo.

Mshua akamjengea kizimba cha nyavu nyuma ya nyumba, na mashine ya kutupa mipira. Dogo akawa anapiga kila siku ya Mungu, theluji ya Pennsylvania inaanguka yeye yumo ndani anapiga. Alipokuwa na miaka 16 Ted Williams mwenyewe alipita pale nyumbani akamwangalia anavyopiga. Ted Williams ni yule wa 1941 aliyemaliza msimu na wastani wa .406, yaani mapigo zaidi ya manne katika kila nafasi kumi za kupiga, na mpaka leo zile ligi mbili zinazounda ligi kuu hazijapata mwingine aliyevuka .400. Watoto wangapi wa umri huo wanapata mtu kama huyo uani kwao? Ndiyo maana nasema kubebwa kulikuwepo, tena kwingi.

Naendelea hapo chini, ngoja nipangilie.

Kaka_wa_Tandika

Nimeweka kambi hapa mkuu. Besiboli sijawahi kuielewa ila hapo kwenye kecha umenifungua, nilikuwa najua yule jamaa wa kuchuchumaa ni refa msaidizi.

Mwalimu Neema

Kaka Mbezi asante kwa uzi. Swali langu, baba tajiri, rafiki wa baba meneja, na mazoezi ya kila siku tangu utoto, sasa kwa nini hakuchukuliwa mapema? Mbona umesema 1988 wakati 1986 si alikuwa kashamaliza sekondari?

Mbezi_Alfajiri

Dada Neema umeuliza penyewe.

Hakuchukuliwa kwa sababu maskauti (wasaka vipaji wa timu) hawakumpenda. Alikuwa mzito, mbio hana, na nafasi yake ilikuwa kulinda besi ya kwanza, na besi ya kwanza kila timu inaweka watu wanaopiga kwa nguvu, kwa hiyo ukitaka kuingia hapo uwe unapiga kuliko taifa zima. Akaenda Chuo Kikuu cha Miami, akapewa nafasi ya kupiga mara 9 akapata pigo moja tu la kumfikisha besi, basi, akakaa benchi. Akahamia chuo kidogo cha Miami-Dade hapo hapo Florida, akaanza kucheza kidogo, lakini bado hakuna mtu aliyekuwa anapiga simu kwao.

Ikaja drafti ya 1988. Kwa wageni, drafti ni utaratibu wa timu kuchagua vijana kwa zamu, raundi kwa raundi. Siku hizi ina raundi 20 tu na inaisha. Mwaka ule Dodgers walimtaja Piazza raundi ya 62. Sitini na mbili wakuu! Alikuwa mtu wa 1,390 kutajwa, yaani vijana 1,389 nchi nzima walikuwa wameshatajwa kabla yake, na timu nyingi zilikuwa zimeshachoka kuchagua. Na hata huko chini alitajwa kwa sababu Lasorda aliomba kumfurahisha rafiki yake, jina tu liwepo kwenye karatasi, hakuna aliyekuwa na mpango wa kumsaini. Nia yenyewe ilikuwa kwamba jina likionekana pale labda chuo kingine kitamtazama kwa jicho la pili.

Muda ukapita, hakuna mkataba. Ndipo Lasorda akapanga dogo aletwe Dodger Stadium apige mbele ya Ben Wade, mkuu wa maskauti wa klabu. Piazza akasimama akaanza kuipeleka mipira majukwaani, mmoja, mwingine, mwingine. Wade bado hakushawishika, besi ya kwanza wanao tele. Hapo Lasorda akamuuliza, huyu angekuwa kecha na anapiga hivi, ungemsaini? Wade akakubali kwamba kecha wa kupiga namna hiyo angemsaini. Lasorda akajibu basi huyu ni kecha.

Mchezo ukaisha hapo hapo, wakamsaini kwa dola 15,000.

Sasa angalieni alichopewa pale. Lasorda alimpa nafasi ambayo kijana haijui kabisa, ambayo wenzake wameanza kujifunza wakiwa watoto wadogo, na ambayo ukiharibu kila mtu uwanjani anakuona. Angekuwa ni mtoto wa kudekezwa angeikataa, maana nyumbani pesa zipo, angerudi kwa mshua kuuza magari. Yeye akavaa vikinga vya magoti akiwa na miaka 20 hivi akaanza moja.

Kigamboni_Kwetu

Mkuu hapo naomba tusimame kidogo. Mimi stori hii inanipa hasira kuliko furaha. Ina maana mwaka ule ule kulikuwa na kijana mwingine, labda anapiga hivyo hivyo, baba yake fundi bomba, hana kizimba uani, hana Lasorda, na huyo hakuitwa Dodger Stadium kupiga mipira mbele ya mkuu wa maskauti. Huyo hatutamjua milele. Tukisema Piazza alijikaza ni sawa, ila ni wangapi wangejikaza hivyo hivyo kama wangepewa mlango?

Mbezi_Alfajiri

Kigamboni sina ubishi na wewe hata kidogo, hilo ni kweli na linauma. Maskauti wa timu zote walishindwa kuona kitu kilichokuwa mbele ya macho yao, sasa kama walishindwa kwa mtu mwenye mtetezi mkubwa namna ile, basi kwa wasio na mtetezi walipoteza wangapi. Mimi ninachokataa ni ile hitimisho ya haraka kwamba kwa kuwa aliingia kwa mlango wa baba basi kila kilichofuata ni cha baba. Lasorda aliweza kumwingiza kwenye klabu, lakini mpira ukija kwa kilomita 150 hauulizi umetumwa na nani.

Subirini sehemu inayofuata, ndiyo ninayoipenda kuliko zote.

Nje_ya_Thika_Road

Manze hii stori imeweza. Endelea buda, mimi nimekaa hapa na chai.

Mbezi_Alfajiri

Haya. Dodgers walikuwa wamefungua kituo chao cha vijana Jamhuri ya Dominika mwaka 1987, kinaitwa Campo Las Palmas. Kilijengwa kwa ajili ya vijana wa Kidominika, wengi watoto wa familia za kimaskini, wanalala mabwenini, wanakula pamoja, wanafundishwa besiboli asubuhi mpaka jioni na Kiingereza kidogo. Piazza akaomba yeye mwenyewe apelekwe huko. Mtoto wa tajiri wa Pennsylvania, Mmarekani katikati ya vijana wanaoongea Kihispania mtupu, joto la kule, chakula cha kule, kila siku kazi ni kuchuchumaa, kudaka na kutupa.

Kazi ya kecha sehemu kubwa haina shangwe, kwa mfano kuna zoezi la kuzuia mpira unaodunda chini mbele yako. Mikono yote inataka kuukimbilia, macho yanataka kufumba, na mwili unataka kugeuka pembeni, vyote hivyo ni makosa. Unatakiwa uanguke kwa magoti yote mawili, glavu iingie katikati ya mapaja kuziba tundu, kidevu kibanwe kifuani ili koo isipigwe, mabega yakunjwe kwa mbele, halafu uache mpira ukupige kifuani na udondoke hapo hapo karibu. Yaani unajifunza kupigwa. Unaambiwa usiudake, kaa upigwe. Unarudia hivyo mpaka mwili unasahau uoga. Mpigaji wa besi ya kwanza aliyekulia kwenye kizimba cha nyavu, mipira inamjia vizuri kwa mashine, anafika huko anaanza kujifunza kupigwa.

Na Kihispania alichokuwa anaishi nacho huko hakikuwa bure. Alipokuja kufika ligi kuu, warushaji kadhaa muhimu wa Dodgers walikuwa Wadominika, Ramón Martínez, mdogo wake Pedro Martínez, na Pedro Astacio, na kecha asiyeelewana na mrushaji wake hana kazi.

Ligi ndogo, zile ngazi za chini ambako klabu zinawakuza vijana, zilikuwa hivi. 1989 Salem, Oregon, homrani 8, kawaida tu. 1990 Vero Beach, Florida, hapo ndipo palipomshinda, wastani .250, homrani 6, muda mwingi yuko benchi na hana maelewano na uongozi wa timu, na wachezaji wenzake wengine wanamwona ni mtoto wa Lasorda tu amekuja kuziba nafasi za watu. Akaondoka kwa hasira akataka kuacha mpira kabisa. Halafu akarudi. Mimi hapo ndipo ninapopima mtu, maana hakuna aliyemlazimisha kurudi na nyumbani njaa haikuwepo.

1991 Bakersfield, California, bado ligi ya ngazi ya chini lakini safari hii anacheza kila siku, homrani 29. Kuanzia hapo ndani ya klabu hakuna aliyekuwa anamzungumza tena kama zawadi ya Lasorda kwa rafiki yake.

Mdakaji_Upanga

Nimesoma kimya kimya nikashindwa kuvumilia. Mimi nilicheza nafasi hiyo shuleni hapa Dar, besiboli ililetwa na Wajapani na mpaka leo kuna uwanja wake pale Azania. Niliwekwa kecha kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka. Hiyo habari ya kujifunza kupigwa mkuu umeiandika kama ilivyo. Kitu watu hawakijui ni mkono wa kulia, ule usio na glavu. Ukiuacha wazi, mpira ukaguswa kidogo tu na fimbo ukabadilisha njia, unakuja kwenye ncha za vidole, kucha inaondoka. Tulifundishwa kukunja ngumi laini, kidole gumba kimelala ndani, mkono unajificha nyuma ya kisigino au nyuma ya glavu. Mazoezi ya kwanza nilikuwa nasahau kila mara, jioni nashindwa kushika kalamu. Na mapaja usiseme, kushuka ngazi za daladala ilikuwa kazi.

Sasa mtu anaanza haya akiwa na miaka 20 na mwili mkubwa ule, halafu anatakiwa baada ya kudaka akapige homrani. Nampa heshima zote.

Mukwano_KLA

Mimi niko Kampala, kiswahili changu mtanisamehe. Hiyo Campo Las Palmas sisi tunaijua kwa sababu Dodgers wamesaini vijana wetu wawili mwaka 2022, Ben Serunkuma na Umar Male, wakapelekwa huko huko Dominika. Na tuko na kecha wetu Dennis Kasumba, yule wa video za mazoezi na matairi ya gari, alifika Marekani 2023 akacheza na Frederick Keys kwenye ligi ya vijana wanaosubiri drafti. Huyo hana baba wa pesa, hana Lasorda, alikuwa na simu na kocha wake. Kwa hiyo Kigamboni wa hapo juu, hata hao wa bila mlango siku hizi wanajaribu kutengeneza wao wenyewe.

Kigamboni_Kwetu

Mukwano kiswahili chako kizuri kabisa ndugu yangu. Huyo Kasumba nimemtafuta sasa hivi nimeangalia video tatu mfululizo. Aisee.

Mbezi_Alfajiri

Mdakaji na Mukwano mmeupa uzi nyama, shukrani sana.

Namalizia safari yenyewe, lakini kuna mtu mmoja lazima nimtaje kwanza. Vero Beach ndipo Dodgers walipokuwa na kambi yao ya mazoezi kabla ya msimu, na kila mwaka alikuwa anakuja mzee mmoja kwenye kiti cha magurudumu, Roy Campanella. Mama yake mweusi, baba yake Muitaliano, mtoto wa Philadelphia. Alianza kulipwa kwa kudaka akiwa na miaka 15 kwenye ligi za weusi, kwa sababu ligi kuu ilikuwa inawafungia weusi mlango. Alifika Brooklyn Dodgers (Dodgers hawa hawa kabla hawajahamia Los Angeles) 1948, mwaka mmoja baada ya Jackie Robinson, mweusi aliyeuvunja ule mlango, akachaguliwa mchezaji bora wa ligi mara tatu, 1951, 1953 na 1955. Januari 1958 akapata ajali ya gari, akapooza, hakucheza tena. Miaka na miaka baadaye bado anakuja kambini, anakaa pembeni na makecha vijana anawafundisha, na Piazza alikuwa mmojawapo. Kigamboni, ukitaka hadithi ya mlango kufungwa, ni ya huyo mzee kwanza, na yeye ndiye aliyekuwa anamwelekeza huyu aliyefunguliwa. Mzee Campanella alifariki Juni 1993, katikati ya msimu wa kwanza kamili wa Piazza.

Turudi 1992. Anaanza San Antonio, ngazi ya pili kutoka juu kwenye ligi ndogo, anapiga .377 katika mechi 31, wanampandisha fasta Albuquerque, anapiga .341 na homrani 16. Septemba 1, 1992 anaitwa ligi kuu. Mechi ya kwanza Chicago, Wrigley Field, anapiga mara tatu anapata mapigo matatu, na mara nyingine anapewa besi ya bure. Mechi ya kwanza ya maisha yake kule juu na hawakuweza kumtoa hata mara moja! Baada ya hapo akatulizwa, alimaliza mwezi ule na .232 na homrani moja, lakini Dodgers wenyewe mwaka ule walikuwa hoi, walipoteza mechi 99, hawakuwa na cha kupoteza. Kecha wao wa miaka mingi Mike Scioscia mkataba wake uliisha akaondoka, na namba ikawa wazi.

1993 sasa. Dogo wa raundi ya 62 anaanza kama kecha namba moja na warushaji wake ni Orel Hershiser, mkongwe wa ubingwa wa 1988, Ramón Martínez, Astacio, Pedro anatokea baadaye kwenye mechi, halafu yupo Tom Candiotti. Huyo Candiotti alikuwa anatupa mpira wa polepole usiozunguka, unayumba hewani na hata yeye mwenyewe hajui utaishia wapi. Makecha wenye uzoefu wa miaka kumi wanauogopa mpira huo. Piazza kapewa mwaka wake wa kwanza.

Akacheza mechi 149. Wastani .318, homrani 35, akaleta pointi 112. Kwenye besiboli ukifanikiwa mara tatu kati ya kumi wewe ni hatari, na makecha kwa kawaida hata hapo hawafiki maana miguu imeisha. Kura za mchezaji mpya bora wa ligi ya taifa (moja ya zile mbili za ligi kuu) alichukua zote, hakuna mpiga kura hata mmoja aliyemwandika mwingine wa kwanza.

Na siku ya mwisho ya msimu, Oktoba 3, 1993, San Francisco Giants wana ushindi 103 na wanahitaji mmoja tu zaidi kuendelea kupigania nafasi ya kusonga mbele na Atlanta. Wanakuja kwa Dodgers, mahasimu wao wa jadi, ambao hawana wanachogombea. Dodgers wanashinda 12 kwa 1, Piazza homrani mbili. Giants na ushindi wao 103 wakaenda nyumbani. Mashabiki wa Los Angeles wa umri wangu ile siku bado wanaiongelea utafikiri walichukua kombe. Mimi mechi za Dodgers za usiku wa kule huku kwetu ni saa kumi na moja alfajiri, na jina langu la humu mjue linatoka huko.

Mzee_Chumbageni

Kijana umeandika vizuri, ila usifiche upande wa pili. Mimi nimekaa Marekani miaka hiyo ya tisini, Piazza kutupa besi ya pili alikuwa hawezi. Watu walikuwa wanamwibia besi mchana kweupe. Kecha gani huyo? Wengi tulisema arudishwe besi ya kwanza magoti yake yapone na apige homrani zaidi.

Mbezi_Alfajiri

Shikamoo mzee wangu. Sifichi, kutupa kulikuwa udhaifu wake kweli. Katika maisha yake yote aliwanasa wezi 23 tu katika kila 100, na kecha wa kawaida wa enzi hizo anazidi hapo vizuri tu. Hilo limeandikwa na halifutiki, na nadhani sababu ni hiyo hiyo ya kuanza umechelewa, ule mzunguko mfupi wa mkono unaoingia ukiwa mtoto.

Lakini mzee, kudaka ni pamoja na kumwongoza mrushaji, na hapo tusimdhulumu. Julai 1995 Ramón Martínez alimaliza mechi nzima wapinzani hawajapata pigo hata moja, aliyechuchumaa nyuma alikuwa Piazza. Septemba 1996 Hideo Nomo akafanya hivyo hivyo pale Denver, mahali ambapo hewa ni nyepesi na mpira unaruka sana, kecha ni yule yule. Na huyo Nomo mpira wake mkuu ulikuwa ule unaodondoka ghafla mchangani, ule wa kuanguka magotini na kupokea kifuani. Kecha asiyeaminika hawezi kuitishiwa mpira huo mtu akiwa besi ya tatu, kwa sababu ukimpita tu pointi imeingia.

Na kuhusu kurudishwa besi ya kwanza, walijaribu mzee. 2004 akiwa New York Mets, mwaka ule ule aliovunja rekodi ya Carlton Fisk ya homrani za makecha, wakampeleka besi ya kwanza mechi 68. Alihangaika kule, mikono na miguu havikuelewana, kila mtu aliona. Nafasi aliyochaguliwa nayo 1988 ilikuwa imeshamtoka mwilini. Mwaka 2005 wakamrudishia kinyago chake, akadaka mechi mia moja na kitu akiwa na miaka 36.

Mzee_Chumbageni

Marahaba. Hiyo ya Denver nilikuwa nimeisahau, na hapo kwa Nomo nakubali. Sasa tuandikie ya Campanella, huyo anastahili uzi wake.

Mbezi_Alfajiri

Nimepokea mzee. Nitaanzia Washington, kwenye timu ya Elite Giants, alipokuwa na miaka 15.